Maswali ya Wasomaji: Nipeni Listi Nisionekane Mjinga

SWALI: Mhariri za kazi. Mi nimesoma mambo ya mashine na hesabu, maisha yangu yote vitabu ni vya mtihani tu, sasa nikikaa na wenzangu wakianza kuongea sanaa, historia, sijui falsafa, nabaki natabasamu tu kama picha. Nimepata listi moja ya vitabu mia vya kusoma kabla hujafa, nikaanza na cha kwanza, nikaishia ukurasa wa 40. Naomba listi fupi jamani. Wenu, Bubu.

JIBU: Bubu, hiyo listi itupe. Listi za vitabu mia nyingi zinaandikwa na watu ambao wenyewe hawajavimaliza, ila hilo siyo tatizo kubwa, tatizo ni kwamba kila kitabu kimepangwa peke yake kana kwamba kimedondoka kutoka mbinguni, wakati hawa waandishi ni watu wanaobishana. Ukimsoma mmoja tu inakuwa kama unamsikiliza mtu anaongea na simu, wa upande wa pili humsikii, sasa utaelewa nini? Kwa hiyo mi nakwambia soma viwiliviwili, na anza na vyembamba.

Kwenye sanaa naanza na kinene kidogo, samahani, manake huyu mzee hana mbadala. The Story of Art ya Ernst Gombrich, ilitoka 1950. Anafungua kwa kukwambia kwamba hamna kitu kinaitwa Sanaa kwa herufi kubwa, kuna wasanii tu, na hapohapo woga unaisha. Halafu alijiwekea sharti kwamba haongelei kazi ambayo hawezi kukuonyesha picha yake kitabuni, ndo maana hakuchoshi, unasoma unaangalia, unasoma unaangalia. Ukimaliza, au hata ukifika nusu, chukua Ways of Seeing ya John Berger, 1972, kajitabu kembamba kenye insha saba na tatu kati ya hizo hazina maneno kabisa, ni picha tupu.

Kuna sehemu Berger anakuwekea mchoro wa Van Gogh, shamba la ngano na ndege weusi wanaruka juu yake. Anakwambia uangalie kidogo kisha ufungue ukurasa. Unafungua, unakuta mchoro uleule, chini umeandikwa kwamba huu ndo wa mwisho Van Gogh kuchora kabla hajajiua. Basi we rudi uangalie tena. Wale ndege siyo wale tena! Mbingu imekuwa nzito, njia ya katikati ya shamba unaiona haiendi popote, na hakuna rangi iliyobadilika hata tone, kilichoongezeka ni sentensi moja tu. Sasa utamu wenyewe huu hapa, sentensi yenyewe siyo sahihi. Wataalamu wa jumba la makumbusho la Van Gogh kule Amsterdam siku hizi wanasema mchoro wake wa mwisho, mwaka 1890, ni mwingine, wa mizizi ya miti, na haukumalizika. Yaani maneno yamekugeuza macho na hata kweli hayakuwa. Mi hapo nilifunga kitabu nikaenda kutembea.

Na Gombrich naye anadaiwa, toleo lake la kwanza halikuwa na msanii mwanamke hata mmoja. Katy Hessel akaja kumjibu 2022 kwa kitabu alichokiita The Story of Art Without Men, jina tu lishamaliza ugomvi.

Historia sasa. Wengi wanadhani historia ni tarehe zimepangwa kama matofali. E. H. Carr, kwenye What Is History? ya 1961, anasema matukio ni kama samaki walioko baharini, mwanahistoria atapata nini inategemea kaenda kuvua wapi na kabeba zana gani. Huyo msome chapta ya kwanza tu, inatosha. Kisha nenda kwa C. L. R. James, The Black Jacobins, 1938, habari za watumwa wa Haiti walioanza kupigana 1791 na kufika 1804 wana nchi yao huru. Inasomeka kama riwaya, ila ujue mwandishi ana upande na haufichi. Jozi yake ni Silencing the Past ya Michel-Rolph Trouillot, mtu wa Haiti mwenyewe, 1995. Huyu anauliza kwa nini vita vikubwa namna ile watu wengi hawakuvisikia. Ananyoosha kidole kwa mtu mmoja, Kanali Sans Souci, aliyezaliwa Afrika akapigana mpaka akauawa na mwenzake wa upande uleule, Henry Christophe. Christophe baadaye akawa mfalme, akajenga kasri, akaliita Sans Souci. Leo ukitaja jina hilo watu wanakumbuka kasri, mtu kapotea. Trouillot anasema ukimya unaingia mara nne: habari inapoandikwa, inapohifadhiwa, inaposimuliwa na inapopewa uzito. Ukishaisoma hii utaanza kusoma hata gazeti kwa jicho la pembeni.

Falsafa usianze na Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani mgumu, nakuomba. Anza na The Problems of Philosophy ya Bertrand Russell, 1912, kwa sababu inaanza na meza. Meza tu! Ukikaa hapa rangi yake hii, ukisogea inang'aa kwingine, ukiipapasa laini, ukiiweka chini ya hadubini milima na mabonde, haya niambie meza yenyewe ni ipi. Fanya na meza yako leo usiku, na taa ukiihamisha.

Halafu jozi ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini haifundishwi pamoja: Utetezi wa Sokrates wa Plato, na Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Vyote ni mtu mmoja mbele ya mahakama anajitetea kwa mdomo wake. Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mzee wa miaka 70, mwaka 399 K.K., anaulizwa apewe adhabu gani badala ya kifo, anajibu kwamba anachostahili ni kulishwa bure na serikali kama wale washindi wa michezo, na unajua kabisa hapo kajimaliza. Karama wa Kusadikika yeye anakwenda polepole, siku baada ya siku, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita wakarudi na mema wakafungwa. Sokrates anakufa, Karama anashinda. Kwa nini? Wangekutana wangesemaje? Ukiweza kubishana hilo na wenzako ububu umekwisha.

SWALI: Kusoma tafsiri siyo kudanganya? Mwalimu wangu alikuwa anasema kitabu kisome kwa lugha yake au kiache.

JIBU: Tolstoy atabaki na Warusi tu basi. Tafsiri inapoteza kitu ndiyo, lakini mara nyingine unapata kitu ambacho wa kwanza hana. Soma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel 2021. Gurnah aliandika kwa Kiingereza, ila wahusika wake unasikia kabisa vinywani mwao Kiswahili kilikuwa kinasubiri, kwenye tafsiri ni kama wamerudi kwao.

SWALI: Mi riwaya naona ni kupoteza muda, mambo ya kutunga yatanisaidia nini?

JIBU: Soma Kifo cha Ivan Ilyich ya Tolstoy, 1886, unaimaliza jioni moja. Mwanzo kabisa wafanyakazi wenzake wanapata habari kwamba amefariki, na kabla hawajasikitika kila mmoja anapiga hesabu kimoyomoyo, cheo chake anapata nani. Ukimaliza ukurasa huo ndo uniandikie tena kwamba ni ya kutunga.

SWALI: Nikiacha kitabu katikati ni vibaya?

JIBU: Hegel, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, nimemwanza mara tatu, kile kitabu chake cha 1807. Alamisho yangu iko ukurasa wa 14 mpaka leo.