Dada hashiki kitabu, nifanyeje?

Shikamoo Bibi. Dada yangu alifiwa na mume mwaka jana. Eda imekwisha, lakini yeye bado yuko kama alivyokuwa siku ya tatu ya msiba. Hospitali walisema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Anatumia dawa na usingizi umetengemaa kidogo. Niliposikia kuwa kusoma kunasaidia, nikamnunulia vitabu vitatu vya kushinda huzuni. Viko juu ya kabati. Anasema anarudia mstari mmoja mara tatu na haumwingii. Nimlazimishe?
*Mdogo mtu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Usimlazimishe, na hivyo vitabu ukiweza virudishe dukani. Sonona hula umakini. Mtu ambaye hata taarifa ya habari haifuatilii mpaka mwisho, unampa kurasa mia mbili za kumwambia ajikaze! Kikimshinda, ataona ni jambo jingine tena lililomshinda.

Msomee wewe. Kule Liverpool, Uingereza, kuna shirika liitwalo The Reader, lililoanzishwa na Jane Davis, mwalimu wa fasihi. Vikundi vyao hukaa maktaba, hospitali, hata magerezani. Mmoja anasoma hadithi au shairi kwa sauti, polepole, anasimama njiani, na anayetaka kusema anasema. Asiyetaka anakunywa chai yake. Hakuna anayebanwa aeleze yaliyomsibu, maana mazungumzo ni juu ya mhusika wa hadithini. Mjane hathubutu kutamka mbele ya mashemeji kwamba ana hasira na marehemu. Lakini kusema "huyu mama wa hadithini ana hasira na mumewe, na ana haki" hakumgharimu kitu.

Kusomewa barazani si jambo geni kwetu. Kilichotuharibia ni mitihani. Tukifunga kitabu tu, ulimi unawasha: hadithi inatufunza nini, dhamira kuu ni ipi, toa hoja tano. Dada yako usimuulize hayo. Muulize, "Ungekuwa wewe, ungemfungulia mlango?" Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usijibu kwa niaba yake.

Kwangu tunakaa akina mama wachache alasiri. Mmoja alikuwa akija na ukili wake, anasuka, uso hauinui. Nikadhani hasikilizi. Siku moja nimeshafungua ukurasa mwingine, akasema, "Hebu rudi pale alipoficha viatu vya mumewe." Nikarudi. Akatuambia viatu vya marehemu mumewe bado viko uvunguni, na kila Ijumaa huvitoa akavipiga kiwi. Basi, akashika ukili wake. Hatukumpa ushauri, na wiki iliyofuata alikuja mapema kuliko wote.

Ukichagua cha kusoma, kiwe kifupi, kiishe mkiwa hapo hapo. Nusu saa inatosha. Msianze na msiba. Kisa cha Abunuwasi kinafaa sana kwa siku za mwanzo. Halafu mashairi. Tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida ina mizani 16 (yaani silabi) kwa mshororo, na mshororo unakatika katikati, kwa hiyo ukiufuata ulivyo huwezi kukimbia hata ukitaka. Shaaban Robert, mtu wa huko huko kwenu, mzaliwa wa Vibambani, alimwandikia mkewe Amina shairi baada ya kufiwa naye. Liwe karibu, lakini lisubiri mpaka dada mwenyewe aanze kumtaja marehemu.

Na kuna vya kuviacha rafuni kwa sasa. Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi, naipenda kupita kiasi, lakini mhusika wake mkuu anajiua, na mwandishi hakuweka mto wa kuangukia. Si ya nyumba yenu mwaka huu. Wewe soma kwanza peke yako mpaka mwisho, kila kitu, ndipo umsomee.

Dawa asiache, na kliniki aende kwa tarehe zake. Siku akisema "bora nimfuate," funga kitabu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa vidonge na dawa za wadudu, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama shangazi zenu watasema ni maneno tu ya majonzi.

Bibi, mimi niko Muscat kikazi. Baba yuko Pemba, mpweke tangu mama afariki, na kusoma hajui. Nimrekodie hadithi nimtumie kwenye simu, au ni kazi bure?
*Mwana wa Wete*

Kurekodi ni afadhali kuliko kukaa kimya, ila mpigie. Ukirekodi huwezi kusimama pale anapoguna, na mguno wa mzee ndio unaokwambia umefika mahali. Kutojua kusoma si kikwazo hata kidogo. Wazee wengi wa Pemba wana tenzi nyingi kifuani kuliko mimi na wewe tulizonazo kabatini. Kwa hiyo mwombe naye akughanie moja, asiwe mgonjwa wa kusomewa kila siku. Piga baada ya isha akishakula. Mtandao ukiwa wa kukatika, soma ubeti mmoja mmoja, na usiende wa pili mpaka aseme "enhe."