Masasisho ya programu: tusakinishe mara moja au tusubiri?

Swali: Mtaalamu, nasimamia TEHAMA katika taasisi yenye timu ndogo. Siku zote tumeambiwa tusakinishe masasisho mara tu yanapotoka. Sasa nasikia wadukuzi wanaingia kupitia masasisho hayohayo, tena yakiwa na saini halali ya mtengenezaji. Tushike lipi? Halafu msambazaji wetu mmoja ametutumia SBOM, yaani orodha ya vijenzi vya programu yake, faili refu ajabu. Tulifanyie nini?

Jibu: Ndugu msomaji, angalia kwanza sasisho limekuja kufanya nini. Kama linaziba dosari ya usalama iliyokwisha kutangazwa, lisakinishe haraka. Dosari ya Log4j, maktaba ya Java ya kurekodi matukio inayotumiwa ndani ya programu nyingi, ilipotangazwa Desemba 2021, haikuchukua muda wadukuzi wakawa wanaisaka kwenye seva za dunia nzima, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa siku yao. Lakini masasisho mengi hayana dharura ya namna hiyo. Yanaongeza kipengele, yanabadilisha mwonekano, yanarekebisha kasoro ambayo wewe hujawahi kuiona. Hayo yakikaa wiki moja nje ya mlango wako, huna unachopoteza.

Na wiki hiyo ina kazi. Septemba 2025, mtunzaji wa vifurushi kadhaa maarufu vya npm (hazina ya msimbo wa JavaScript ambao wasanidi huutumia ndani ya programu zao), vikiwemo chalk na debug, alinaswa na barua pepe ya ulaghai iliyojifanya imetoka npm. Matoleo yenye msimbo hasidi yakachapishwa kupitia akaunti yake. Yaligunduliwa na kuondolewa baada ya saa chache, kwa hiyo walioyapata ni wale ambao mifumo yao huvuta toleo jipya papo hapo. Kanuni ya kutogusa toleo lisilotimiza siku saba ingetosha kabisa. Wasanidi wako wakitumia pnpm, chombo cha kusakinisha vifurushi hivyo, kuna mpangilio wa minimumReleaseAge uliowekwa kwa ajili hiyo. Uwasheni, na mwacheni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuruka foleni pale dosari kubwa inapozibwa.

Ila kusubiri kuna mpaka wake. Katika shambulio la kampuni ya SolarWinds, wavamizi walikuwa ndani ya mfumo unaojenga Orion, programu yake ya kufuatilia mitandao. Msimbo wao uliingizwa kabla ya saini kutiwa, hivyo saini ilikuwa halali kweli. Saini hukuthibitishia kwamba faili limetoka kwa fulani na halikuguswa njiani, basi. Masasisho hayo yalianza kusambazwa Machi 2020, wateja wapatao 18,000 wakayapokea, na siri ikafichuka Desemba. Mwaka ule, wiki moja ingemsaidia nani?

Kilichosaidia ni kitu ambacho wengi hukidharau: kuizuia seva isitoke kwenda kwenye intaneti. Msimbo ule wa SolarWinds ulikuwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, na ulihitaji kuwasiliana na wavamizi kupitia intaneti ili upewe maagizo. Pale ambapo ukuta wa moto haukuiruhusu seva ya Orion kufika huko, mlango huo ulibaki umekaa bila kazi. Kwa timu ndogo, mimi ningeanzia hapa kabla sijanunua chombo chochote. Pitia seva zenu moja moja, uliza kila moja ina shughuli gani kwenye intaneti, ruhusu anwani zinazohitajika tu na funga zilizobaki. Kazi hii inachosha, na utagombana na watu wa programu kwa siku kadhaa. Ifanye hivyohivyo. Anza na programu za usimamizi na ufuatiliaji, maana ndizo zilizopewa funguo za kila chumba.

Kama mnaandika programu zenu wenyewe, faili la kufungia matoleo, kama package-lock.json, liwekwe kwenye hazina ya msimbo, na seva ya ujenzi itumie npm ci badala ya npm install. Hapo mnapata matoleo yaleyale mliyoyajaribu, na heshi zake, yaani alama za kipekee zinazokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, zinakaguliwa. Kwenye GitHub Actions, huduma ya kujenga na kujaribu programu kiotomatiki, msiamini lebo ya toleo. Machi 2025 lebo za tj-actions/changed-files, kijenzi kinachotumiwa humo, zilihamishwa zikaelekezwa kwenye msimbo ulioanika siri za watumiaji kwenye kumbukumbu za ujenzi. Waliotaja heshi kamili ya komiti (badiliko mahususi la msimbo) waliyokwisha kuikagua hawakuhamishwa nazo. Tokeni za seva ya ujenzi, yaani funguo zake za kidijitali, nazo ziwe za muda mfupi na zenye ruhusa finyu.

Sasa SBOM. Usihangaike kuisoma. Ni orodha ya vijenzi vilivyomo ndani ya programu, na thamani yake huonekana siku mtu anapouliza, "Je, sisi tuna Log4j?" Mwaka 2021 taasisi nyingi zilihangaika kwa siku nyingi kutafuta jibu, kwa kuwa maktaba hiyo ilikuwa imejificha ndani ya bidhaa za watu wengine. Liingize faili hilo kwenye Dependency-Track, chombo huria cha OWASP, shirika la usalama wa programu, kinachopokea SBOM za muundo wa CycloneDX, nacho kitakujulisha kijenzi chochote kinapotangazwa kuwa na dosari. Usitarajie zaidi ya hapo. Mlango wa nyuma uliofichwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024 ungeonekana kwenye orodha kama jina na namba ya toleo, 5.6.0 au 5.6.1, na hakuna ambaye angeshtuka hadi ulipotangazwa.

Mwombe msambazaji SBOM mpya kwa kila toleo, maana ya toleo la zamani itakupotosha. Muulize pia: akivamiwa yeye, atawaarifu ndani ya saa ngapi, na atampigia nani? Majibu hayo yaingie kwenye mkataba kabla hamjauongeza muda.