Usitupe kanda hizo kabla hujatafuta deki

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye televisheni ya mtandaoni aliniandikia: "Shikamoo mzee. Nimeachiwa maboksi ya kanda za kituo kilichofungwa, nyingine kubwa, nyingine ndogo zinakaribia kiberiti. Nizitunze au nizichome nipate nafasi?" Marahaba mwanangu, usichome. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma hapa mna ndoto ya kuwa na kituo chenu siku moja, jibu lake naliweka hadharani.

Niliingia kwenye ufundi wa televisheni mwishoni mwa miaka ya 1990. Televisheni za Tanzania Bara zilikuwa bado changa, maana zile za kwanza za binafsi zilianza kurusha mwaka 1994. Kituo chetu kilikuwa kidogo, cha mji wa pwani, na kamera zetu zilikuwa za S-VHS, mtindo wa kanda za video uliotolewa na JVC mwaka 1987. Ndoto yetu ilikuwa Betacam SP ya Sony, ya mwaka 1986. Betacam huandika mwanga wa picha na rangi zake kwenye njia mbili tofauti za kanda, kwa hiyo hata ukinakili nakala ya nakala, picha bado inasimama. Kwetu, nakala ya tatu tayari nyekundu ilikuwa imeanza kuchuruzika nje ya mipaka ya khanga za akina mama.

Na uhariri wote wa siku zile ulikuwa kunakili. Deki mbili, zile mashine za kucheza na kurekodi kanda, mezani, televisheni mbili juu yake. Unazungusha gurudumu mbele na nyuma hadi umwone msemaji anafungua mdomo, unaweka alama. Mashine zinarudi nyuma sekunde tano ili zipate mwendo, zinaondoka pamoja, na zikifika kwenye alama deki ya pili inaanza kurekodi. Mhariri akitaka kupunguza kipande cha katikati baada ya kazi kuisha, una mawili: uanze upya, au unakili tena na picha ipungue. Taarifa ya dakika tatu ilikula saa nzima, na habari ya saa mbili usiku haimsubiri mtu. Nani leo anaihariri habari kwa uvumilivu ule? Kazi ile ilinifunza kuiheshimu kila sekunde ya picha, na najivunia hilo.

Kisha ikaja DV. Mtindo wenyewe ulitoka mwaka 1995, kwetu ulifika miaka ya mwanzo ya 2000 kwa kamera za DVCAM, yaani DV ya Sony ya watu wa kazi. Picha sasa ni tarakimu. Unachomeka waya wa fayawaya, kompyuta inapokea kilekile kilichopo kwenye kanda, saa moja ya picha inachukua takriban gigabaiti 13, na nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza. Shida iliyobaki ilikuwa unyevu wetu wa pwani: ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi ukaiwasha kamera nje, alama ya tone la maji inatokea kwenye kioo na kamera inagoma mpaka ikauke.

Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Tulipohamia DV, uongozi uliamua deki za S-VHS ziuzwe na kanda zake zirekodiwe upya harusi na matangazo. Mikutano ya hadhara, michezo ya shule, mahojiano na wazee waliozaliwa kabla ya vita vya pili vya dunia, vyote vifutwe. Niliomba tunakili kwanza. Nikaandika barua, nikajibiwa kwamba nawachelewesha watu. Mwisho nikaomba niuziwe deki moja, wakanikata kidogo kidogo kwenye mshahara, nikabeba na maboksi yaliyokuwa yakisubiri kutupwa. Usiku, familia ikishalala, nilikuwa nikinakili nyumbani.

Baadaye zikaja kadi za kumbukumbu badala ya kanda, na mitambo ya analojia ikazimwa kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kwetu hicho kikawa kisingizio kipya cha kumaliza kilichobaki kabatini, ingawa kilichozimwa ni urushaji wa matangazo na kanda hazikuhusika hata kidogo. Na kadi zina balaa lake: kanda ilikuwa ghali lakini ilibaki kwenye rafu, kadi inafutwa jioni ileile ili kesho irudi kazini.

Mwaka huu kituo kikanipigia simu. Mzee mmoja maarufu wa mji wetu amefariki, wanatafuta sauti na sura yake, hawana. Mimi ninayo. Ilirushwa usiku ule, watu wakalia, na kituo hakikunitaja. Sikuomba kutajwa, ila nataka ninyi mnaoanza leo mjue kazi hii hulindwa na nani.

Basi shikeni haya. Tafuteni deki kwanza, kanda baadaye. Kampuni ya Funai iliacha kutengeneza deki za VHS Julai 2016, na mwaka 2019 UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti na picha waliutahadharisha ulimwengu kwamba kufikia 2025 kunakili kanda kungekuwa kugumu kwa wengi, kwa kukosa mashine na vipuri. Deki nyingi za DVCAM hucheza pia MiniDV, zile kanda ndogo za DV ya kawaida; kinyume chake ni bahati nasibu. Tafuteni pia kompyuta ya zamani yenye tundu la fayawaya, za sasa hazina.

Kabla ya kuicheza kanda, izuieni isirekodiwe: ya VHS vunja kile kipande cha plastiki ubavuni, ya MiniDV sogeza kiswichi chake. Ipelekeni mbele hadi mwisho na muirudishe, ndipo muicheze. Yenye unga mweupe wa kuvu msiitie kwenye deki yenu nzuri, itaichafua hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, na kuziambukiza kanda nyingine. Nakilini. Faili la DV libaki DV, msilibane kwa sababu ya nafasi. Wekeni diski mbili, nyumba mbili. Na kila mnapobadilisha kamera, nakilini vya zamani kabla ya kuuza mashine ya zamani. Tajiri akikataa, nakilini. Mkiitwa wakorofi, nakilini.

Wewe mwanangu wa maboksi, zile ndogo ni MiniDV au DVCAM, zitenge. Zile kubwa nipigie picha ubavu wake, nikuambie ni VHS au Betacam, maana deki zake ni tofauti kabisa. Deki ya DVCAM ninayo na inafanya kazi. Njoo na kanda, na diski mbili tupu.