Vidonge vya vimeng'enya kwa saratani ya kongosho: jawabu kwa ndugu yetu wa Wete

Assalaam alaykum.

Ndugu yetu wa Wete ameuliza kama familia yao ikodishe mikarafuu ya msimu ujao ili baba yao, mwenye saratani ya kongosho, anunuliwe vidonge vya vimeng'enya, yaani vitu vya mwilini vinavyosaga chakula, afuate tiba ya yule daktari wa New York. Ninajibu kwa sababu sisi hapa Unguja tulikwisha kuvinunua, kwa ajili ya mamangu mdogo, na kwa sababu baada ya kufiwa nilikaa nikasoma habari za daktari huyo kwa utulivu ambao wakati wa maradhi sikuwa nao.

Jina lake lilikuwa Nicholas Gonzalez. Alikuwa daktari wa kweli, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1983, na jambo hilo ndilo lililotulaza usingizi: tuliona shahada, tukadhani shahada imeithibitisha na dawa. Akiwa bado mwanafunzi alikutana na William Donald Kelley, daktari wa meno aliyekuwa akitibu saratani kwa chakula na vimeng'enya. Fikra yenyewe ilikuwa kongwe zaidi, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi John Beard wa Edinburgh alishadai kuwa vimeng'enya vya kongosho vinaweza kuishambulia saratani. Gonzalez alianza kutibu New York mwaka 1987. Mgonjwa wake alipangiwa chakula maalumu, vidonge vinavyopindukia mia moja kwa siku, na maji ya kahawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 1994 bodi ya udaktari ya jimbo hilo ilimweka chini ya uangalizi.

Binamu yetu aliyeko Uingereza, ambaye ndiye aliyetutumia makopo, alitusomea kwa simu habari ya mwaka 1999 tu. Mwaka huo Gonzalez alichapisha matokeo ya wagonjwa 11 wa saratani ya kongosho, na nusu yao waliishi miezi 17 au zaidi, muda mrefu kwa maradhi hayo. Tulishangilia. Hatukujiuliza kwamba watu 11, wasio na kundi jingine la kulinganishwa nalo, huenda ni wale waliokuwa na nguvu za kutosha kulifuata sharti gumu kama lile.

Lakini habari haikuishia 1999, na hapa namsifu Gonzalez kwa jambo ambalo wauzaji wengi wa tiba za namna hii hulikimbia: alikubali kupimwa. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iligharimia jaribio lililoendeshwa na Chuo Kikuu cha Columbia. Ilikusudiwa wagonjwa wagawanywe kwa kura; kwa kuwa karibu wote waliikataa kura, wakaachiwa wachague wenyewe. Waliochagua vimeng'enya walikuwa 32, waliochagua tibakemikali, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani, 23. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliufikia, ulikuwa miezi 14 kwa waliopewa tibakemikali, na miezi 4.3 kwa waliomeza vimeng'enya. Baada ya mwaka mmoja walio hai walikuwa asilimia 56 upande wa tibakemikali na asilimia 16 upande wa vimeng'enya. Na wale wa tibakemikali, ambayo sisi tuliiogopa kwa kuwa "inamchosha mgonjwa", ndio walioripoti hali bora ya maisha.

Gonzalez hakuyakubali. Alidai kuwa wengi waliopelekwa kwake walikuwa hoi, hawakuweza kuyafuata masharti, na kwamba jaribio liliendeshwa vibaya. Ni kweli kwamba kutokuwepo kwa kura ni kasoro, wala siipuuzi. Hata hivyo, pengo la miezi 4 kwa 14 ni kubwa mno, na yeye aliendelea kuwapa wagonjwa tiba ileile hadi alipofariki mwaka 2015, bila kuleta jaribio jingine lililoonyesha kinyume chake.

Sasa turudi nyumbani. Daktari wa Dar es Salaam alitwambia kuwa wakati wa kumfanyia upasuaji umeshapita, akapendekeza tibakemikali. Sisi tukaiahirisha wiki kumi tukimeza vidonge. Sisemi mamangu mdogo angelipona, maana saratani hii hugunduliwa kwa kuchelewa na humuua aghalabu ya anayeipata. Nasema wiki zile zilikuwa zake, nasi tulizijaza makopo na mipira ya kahawa. Kilichomtuliza mwishoni ni morfini ya maji, ambayo tungeliweza kuipata mapema.

Siku moja binti yake alisoma karatasi ya ndani ya kopo akakuta kuwa vimeng'enya hivyo hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Nyumba ilitaharuki. Shekhe aliyekuja kumtazama mgonjwa hakutugombeza. Alisema dharura ina mlango wake, kisha akauliza ni tabibu gani mwaminifu, mjuzi wa maradhi haya, aliyethibitisha kuwa dawa hii inaponya na kwamba hakuna nyingine. Tukatazamana. Swali lile lilipaswa kuulizwa kabla ya fedha kutumwa, na lisingehitaji nguruwe.

Jambo moja lisikuchanganye, ndugu yangu. Daktari wa hospitali naye anaweza kumwandikia baba vimeng'enya, avimeze pamoja na chakula, kwa kuwa kongosho lenye maradhi hushindwa kusaga mafuta na mgonjwa hukonda. Hiyo ni kazi nyingine: vinasaidia chakula kusagika, haviui saratani. Kwa hiyo, kabla ya kuigusa mikarafuu, mwulizeni daktari wake kama baba anavihitaji kwa ajili hiyo na vidonge vingapi kwa mlo, na kama mna kopo lolote mlilokwisha kulinunua, mpelekeeni alione.