Feni ya prosesa kupanda na kushuka bila mpangilio: niliyojifunza kwenye BIOS na kwenye hitisinki

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba mashine yako yenye prosesa ya Ryzen 5 5600X na hitisinki (kile chuma chenye mapezi na feni kinachoiondolea prosesa joto) iliyokuja ndani ya boksi lake inaunguruma kila unapofungua kivinjari, inanyamaza baada ya sekunde chache, kisha inaunguruma tena. Umesema pia kwamba joto linaruka kutoka nyuzi 42 hadi 68 kwa kufumba na kufumbua, kwamba uliiweka feni kwenye asilimia 100 na miruko hiyo haikupungua, na kwamba sasa unakusudia kununua hitisinki kubwa. Nakuomba usinunue kwanza. Huenda mwishoni ukaihitaji kweli, lakini dalili ulizozieleza hazionyeshi hivyo, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza majuma kadhaa kwa kuhangaika na feni ambayo haikuwa na kosa lolote.

Tuanze na ule mruko wa joto. Kipande cha silikoni chenye viini vya prosesa yako, yaani zile sehemu zinazofanya kazi yenyewe, kina ukubwa wa takriban milimita 80 za mraba, yaani ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Unapobofya kitu, prosesa hukipandisha kiini kimoja hadi kasi yake ya juu, ambayo kwa 5600X ni gigahezi 4.6, na kukipa volteji kubwa kwa muda mfupi sana ili kazi ile imalizike upesi. Sensa unayoisoma inaripoti sehemu yenye joto kali kuliko zote ndani ya silikoni, kwa hiyo inaiona ile sehemu ndogo iliyowaka na si wastani wa prosesa nzima. Joto hilo bado halijafika kwenye mapezi ya hitisinki. Linapaswa kwanza kupita kwenye kifuniko cha chuma, kisha kwenye pesti ya kupitishia joto, kisha lienee katika bonge zima la aluminiamu, na yote hayo huchukua muda ambao ile kazi ndogo huwa imeshakwisha. Feni inapopanda katika sekunde hizo mbili, inapuliza hewa kwenye chuma ambacho hakijapata joto lolote jipya. Ndiyo maana asilimia 100 hazikukusaidia, na ndiyo maana unaweza kuichelewesha feni isiitikie miruko hiyo bila kuhatarisha chochote.

Hata hivyo, kabla ya kuingia kwenye BIOS, yaani ile programu ya msingi iliyomo ndani ya ubao mama, ni lazima uhakikishe kwamba hitisinki imekaa sawasawa, kwa sababu hakuna mpangilio wa feni unaoweza kurekebisha mgusano mbaya. Hapa ndipo nilipopotea mimi. Mashine ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu ilikuwa na prosesa ya Core i5-10400 na hitisinki ya kiwandani, ile inayoshikiliwa na pini nne za plastiki za kusukuma. Katika kazi nzito ilifika nyuzi 97, na kwa kuwa prosesa ile hujipunguza kasi inapofika 100, video nilizokuwa nikizibana (yaani kuzipunguza ukubwa wa faili) zilikwenda kwa kusuasua. Nikaipandisha feni hadi mwisho na chumba kikajaa kelele, lakini joto lilipungua nyuzi mbili tu. Wakati ule niliona hizo nyuzi mbili kuwa ni ushindi mdogo, nisijue kwamba namba ile ndiyo iliyokuwa ikinieleza ugonjwa wenyewe: ikiwa hewa imeongezeka kwa kiasi kikubwa na joto halijashuka, basi joto limekwama mahali fulani kabla ya kufika kwenye mapezi.

Siku moja nilifungua ubavu wa kasha huku kazi nzito ikiendelea, nikabonyeza pembe moja ya hitisinki kwa kidole, mbali na mapanga ya feni. Namba kwenye skrini ikaanguka kutoka 96 hadi 79 kabla sijamaliza kuhesabu tatu. Nilipoachia, ikapanda tena. Nilizima mashine, nikaing'oa hitisinki, na alama ya pesti ikaeleza mengine yote: upande mmoja ulikuwa na utando mwembamba uliosambaa vizuri, na upande wa pili pesti ilikuwa bado imesimama kama tuta, kama ilivyotoka kwenye bomba. Pini moja kati ya zile nne haikuwa imepenya hadi nyuma ya ubao mama, kwa hiyo vijiguu vyake havikuwa vimetanuka kushika. Nilisafisha kwa alkoholi ya isopropili, nikaweka pesti mpya, nikasukuma pini kwa kufuata mishazari, kisha nikageuza ubao na kuzikagua zote nne kwa macho. Kazi ileile ikakaa nyuzi 74, feni ikiwa kwenye asilimia 70.

Hitisinki yako inashikwa na skrubu nne zenye springi, jambo ambalo ni afadhali, lakini nazo hukaa upande ikiwa mtu amekaza moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Zungusha kila moja mara mbili tatu, hamia ile inayoikabili kwa mshazari, na uendelee hivyo hadi zote zikatae kuzunguka.

Ili ujue tatizo lako liko wapi bila kufungua kitu, weka HWiNFO, programu ya kusomea joto, kama unatumia Windows, au tumia amri ya sensors kama uko kwenye Linux, kisha endesha Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi nzito, kwa dakika kumi mfululizo na uangalie jinsi joto linavyopanda, si mahali linapofikia tu. Likiruka hadi karibu na kikomo cha joto cha prosesa ndani ya sekunde mbili au tatu na kuganda hapo, shuku mgusano au volteji. Likipanda taratibu kwa dakika nyingi bila kutulia, hewa iliyomo ndani ya kasha ndiyo inayochemka, na hapo rudia jaribio ukiwa umetoa ubavu wa kasha: tofauti ya nyuzi tano au zaidi inamaanisha kwamba kasha halipumui. Andika pia joto la chumba kila unapopima, kwa maana hewa ikiongezeka nyuzi sita, prosesa nayo itaongezeka karibu nyuzi hizohizo, na watu wengi wamekwisha kulaumu pesti kwa kosa la hali ya hewa. Kikomo cha 5600X ni nyuzi 95. Kwa hitisinki ile ndogo, kukaa kati ya 80 na 88 katika jaribio zito linalotumia viini vyote si dalili ya ubovu.

Sasa tuingie kwenye BIOS. Bonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka, kisha tafuta ukurasa wa feni; kwenye ubao wa ASUS unaitwa Q-Fan, kwenye Gigabyte unaitwa Smart Fan, na kwa wengine huwa chini ya ufuatiliaji wa vifaa. Kwanza kabisa hakikisha aina ya udhibiti inalingana na feni yenyewe, kwa kuwa hapa hufanyika makosa mengi. Feni ya pini nne hupokea volti 12 wakati wote na huambiwa kasi yake kupitia pini ya nne kwa mapigo ya umeme ya takriban kilohezi 25. Huo ndio mfumo wa PWM. Feni ya pini tatu haina waya huo, kwa hiyo kasi yake hupunguzwa kwa kupunguza volteji, na BIOS huuita mfumo huo DC. Ukiiweka feni ya pini tatu kwenye PWM itazunguka kwa nguvu zake zote siku zote, na hakuna mchoro wowote wa kasi utakaoinyamazisha. Feni ya prosesa ichomekwe kwenye tundu la ubao mama lililoandikwa CPU_FAN na si kwingineko, kwa sababu ubao husoma mizunguko yake kupitia pini ya tatu, na bao nyingi zikikosa kuiona husimamisha uwashaji na kutoa onyo.

Kisha chora mchoro wa kasi, yaani mstari unaoiambia feni izunguke kiasi gani kwa kila kiwango cha joto. Michoro ya kiwandani mara nyingi hupanda kwa mstari mmoja ulionyooka kuanzia nyuzi 40, na hiyo ndiyo asili ya ule muungurumo wako, kwa kuwa kila mruko wa joto unakuwa pia mruko wa sauti. Mimi huweka sehemu ndefu iliyolala: asilimia 35 kuanzia chini kabisa hadi nyuzi 65, kisha asilimia 55 kwenye 75, asilimia 80 kwenye 83, na 100 kwenye 90. Kwa mpangilio huo miruko ya kivinjari inaishia kwenye sehemu tambarare au inaigusa tu sehemu ya mwanzo ya mpando. Hiyo 35 ni ya feni yangu. Ya kwako itafute kwa kushuka hatua kwa hatua hadi uone mizunguko inayumba au feni inasimama, halafu urudi juu kidogo.

Baada ya mchoro, tafuta muda wa kuitikia, ambao watengenezaji huuita kwa majina tofauti kama vile Step Up au Smoothing. Huu ndio mpangilio unaopuuzwa kuliko yote, na kwa tatizo lako ndio tiba yenyewe. Uweke kwenye muda mrefu utakaoruhusiwa, na ule wa kushuka uwe mrefu zaidi ya ule wa kupanda, ili feni isiwe inapanda na kushuka kama mtu asiye na uamuzi. Bao zingine huruhusu sekunde kadhaa, zingine sehemu ya sekunde tu. Kama wako ni wa aina hiyo ya pili, programu ya bure iitwayo FanControl itakupa ucheleweshaji huo ukiwa ndani ya Windows.

Jambo lingine ambalo ningependa ulizingatie ni gharama ya kasi. Hewa huongezeka kwa uwiano sawa na mizunguko, lakini nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu, na kuongeza kasi mara mbili huzidisha sauti kwa takriban desibeli 15. Kwa hiyo theluthi ya mwisho ya kasi ya feni ndiyo yenye kelele nyingi kuliko faida, na kuitoa kwenye matumizi ya kila siku si kuinyima prosesa haki yake.

Kuhusu feni za kasha, nitasema kwa kifupi: zisiifuate prosesa. Unapocheza michezo, kadi ya michoro ndiyo inayotoa joto jingi, na BIOS kwa kawaida haisomi joto la kadi hiyo, kwa hiyo feni za kasha zitabaki zimelala wakati ndipo zinapohitajika. Ziweke kwenye kasi moja ya wastani, asilimia 50 hivi, au zifuate sensa ya ubao mama, ambayo hubadilika polepole.

Ukiona kwamba baada ya yote hayo joto bado ni kubwa, punguza umeme kabla ya kuongeza chuma. Kikomo cha kiwandani cha 5600X, kinachoitwa PPT, ni wati 76, na ukiwashwa ule mpangilio wa Precision Boost Overdrive, unaoiruhusu prosesa kuvuka vikomo vyake vya umeme, baadhi ya bao hukiondoa kabisa. Kwanza hakikisha haujawashwa bila wewe kujua. Kwenye mashine ninayotumia sasa, ambayo pia ni ya familia ya Ryzen 5000, niliteremsha PPT kutoka 76 hadi 60, joto likashuka nyuzi kama tisa, na video iliyochukua dakika 20 kubanwa ikachukua 21 na kitu. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri.

Curve Optimizer, mpangilio mwingine wa BIOS, nayo hupunguza volteji ya kila kiini kwa namba hasi hadi 30, lakini nenda nayo kwa uangalifu. Niliweka hasi 25, mashine ikapita jaribio la saa nzima bila kutetereka, kisha ikajizima na kuwaka upya nilipokuwa nikisoma waraka tu, bila mzigo wowote. Volteji ndogo mno hujidhihirisha zaidi kiini kimoja kinapopanda ghafla kutoka katika utulivu kuliko viini vyote vinapofanya kazi pamoja. Anza na hasi 10, itumie kwa juma zima katika kazi zako za kawaida, ndipo ufikirie kushuka zaidi.

Kila unachobadilisha, badilisha kimoja kwa wakati mmoja na upige picha ya ukurasa kwa simu, kwa sababu kusasisha BIOS mara nyingi hufuta michoro ya feni na vikomo vya umeme, na ukishasahau namba zako utaanza upya. Ukiweka kitu kilichoizuia mashine kuwaka, izime, chomoa waya wa umeme, kisha futa CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, kwa pini zake maalumu au kwa kutoa ile betri ya CR2032 kwa dakika chache.

Leo fanya lile jaribio la dakika kumi mara mbili, ubavu wa kasha ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, kisha uandike hapa joto la chumba, joto la sekunde ya tatu, na joto la dakika ya kumi. Kwa namba hizo tutajua kama ushike bisibisi au mchoro wa feni tu.