Uliza Mjomba: Pedi za kiingilio na ubishi wa nani kafuta kodi kwanza

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi nacheza netiboli chuoni, ni mfungaji, na kila mwaka tunakutana na chuo jirani kwenye mechi ya utani ambayo kiingilio chake sio hela, ni paketi moja ya pedi, zikikusanywa zote zinapelekwa sekondari za hapa karibu. Mwaka huu tumepigwa (usicheke). Sasa baada ya mechi ukazuka ubishi mwingine, kuna jamaa Mkenya anasoma kwa wale wenzetu akaanza kutamba eti Kenya ndo nchi ya kwanza duniani kufuta VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye pedi, sisi Bongo tukafuta baadae sana halafu mwaka uliofuata tukarudisha. Tulimzomea ila jibu hatukuwa nalo. Ni kweli? Na kama kweli, inakuwaje serikali inatoa kitu kizuri hivyo halafu inakinyang'anya? – *Mfungaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya mechi, nimecheka kidogo tu.

Mkenya wenu kasema kweli. Kenya iliondoa VAT kwenye pedi 2004 na inatajwa ndo ilitangulia dunia nzima. Sisi tukaja kwenye bajeti ya 2018/19, waziri wa fedha akiwa Dk. Philip Mpango, taulo za kike zikapewa msamaha. Juni 2019 waziri huyohuyo akarudi bungeni akasema bei madukani hazijashuka, kilichosamehewa kimebaki mifukoni kwa wafanyabiashara, basi msamaha ukafutwa na ile VAT ya 18% ikarudi. Watu walikasirika sana, hasa akina mama na mashirika ya wanafunzi, na mimi nilikuwa upande wao, ila hoja ya kwamba bei haikushuka haikuwa ya uongo.

Sasa kwa nini haikushuka? Wengi wanasema tamaa ya wenye maduka, na tamaa ipo, lakini chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme paketi inauzwa 2,000 na VAT ndani yake. Kodi hapo ni kama 305, kwa hiyo ikiondoka yote ungetegemea bei ya 1,695. Ila kwenye VAT "msamaha" ni kitu kingine na "kiwango cha sifuri" ni kitu kingine, na hapa ndo wanasiasa wanapotuacha njiani maana ukitaja msamaha kila mtu anapiga makofi na hakuna anayeuliza ni upi. Bidhaa ikiwa kwenye kiwango cha sifuri, mwenye kiwanda anakuuzia bila kodi na ile VAT aliyolipa yeye kwenye pamba, plastiki, boksi na umeme anaidai TRA, mamlaka yetu ya mapato, anarudishiwa. Bidhaa ikisamehewa tu, anakuuzia bila kodi lakini ile aliyolipa kwenye malighafi hairudi, inageuka gharama, na gharama unajua anaipeleka wapi. Kama malighafi zake ni za 800 basi 144 tayari imeingia kwenye bei. Halafu mwenye duka la jumla, wa rejareja, na Mangi wa mtaani kwenu ambaye hata hajasajiliwa VAT na chenji ya 5 hana, kila mmoja anang'ata kidogo, ukifika wewe bado ni 2,000.

Na ona kichekesho, pedi za nje zinapoingia kwenye nchi yenye msamaha wa aina hiyo hazibebi mzigo huo, maana huko zilikotengenezwa kodi huwa inarudishwa zikisafirishwa nje. Kwa hiyo unaweza ukatoa msamaha kwa nia njema kabisa ukamuumiza mwenye kiwanda wa nyumbani. Nadhani serikali iliona hilo maana bajeti hiyohiyo ya 2019 iliwashushia wawekezaji wapya wa pedi kodi ya mapato ya kampuni toka 30% hadi 25% kwa miaka miwili. Afrika Kusini walichagua njia nyingine, toka 1 Aprili 2019 pedi zikaingia kiwango cha sifuri moja kwa moja. Kwa maoni yangu hao ndo waliocheza vizuri.

Ila mwambie na Mkenya wako asivimbe kichwa. Miaka 13 baada ya kufuta VAT, mwaka 2017, ilibidi nchi yake ipitishe sheria ya kuwapa wasichana wa shule pedi bure, maana binti asiye na hela kabisa hata ukimpunguzia ile VAT ya kwao ya 16% bado hana hela. Mechi yenu ya kiingilio cha pedi inamfikia huyo binti kuliko hotuba nyingi za bajeti.

SWALI: Mjomba, utani wa vyuo kwenye michezo ulianza lini? Wenzangu wanasema ni mambo ya mitandao. – *Shabiki, Dodoma*

JIBU: Hahaha, mitandao! Vyuo vya Oxford na Cambridge vya Uingereza walianza kushindana kupiga makasia 1829, na toka 1856 ni kila mwaka ukitoa miaka ya vita na ule wa korona. 1877 walitoka sare, mpaka leo wanabishana. Hapa jirani nenda Nairobi siku Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi inacheza raga na Blak Blad ya Kenyatta, utarudi huna sauti.

SWALI: Mjomba hujambo, mimi ni wa Mombasa. 2024 tulipiga kelele mkate usitozwe VAT na ukaachwa. Tulishinda kweli ama tulichezewa? – *Mama wa chai na mkate*

JIBU: Sijambo dada. Mlishinda. Mkate wa kawaida kwenu uko kwenye kiwango cha sifuri, na mswada wa fedha wa 2024 ulitaka kuutoa huko uingie kwenye 16%. Tarehe 18 Juni pendekezo likaondolewa, na siku chache baadae baada ya yale maandamano ya tarehe 25 rais akakataa kutia saini mswada mzima.

Ila msilale. Mnakumbuka mafuta ya gari? Sheria ya 2013 iliyaweka kwenye VAT lakini utekelezaji ukaahirishwa ukaahirishwa, 2018 ikaanza 16%, watu wakawaka, ikashushwa 8%, kisha 2023 ikarudi 16% ileile. Na sio lazima mkate utozwe kodi ndo upande bei. Sheria yenu ya VAT ina jedwali la kwanza la vitu vilivyosamehewa na la pili la vitu vya kiwango cha sifuri. Siku mkiona mkate unahamishwa toka la pili kwenda la kwanza, kwenye risiti hamtaona kodi yoyote na waziri atasema kweli kabisa kwamba mkate haujatozwa, lakini mwenye bekari atakuwa hawezi tena kudai kodi ya umeme na nailoni, atawaongezea shilingi zake. Mswada ukitoka anzieni hapo, kwenye majedwali, hotuba mtaisoma baadae.