Kutafakari ni kwa kichwa au kwa koo?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi kila alfajiri husoma Zaburi jikoni huku nawasha moto, na siwezi kusoma mdomo usiende. Mume wangu anakereka. Anasema Biblia si gazeti la kusomewa watu kibarazani, na kwamba Zaburi ya kwanza imesema mwenye heri sheria ya Bwana "huitafakari", basi nifumbe mdomo nitafakari. Nikiufumba, nasinzia. Halafu Jumapili kijana mmoja wa kwaya akatuambia neno hilo kwa Kiebrania ni mngurumo wa simba. Tulimcheka sana. Ukweli ni upi? – Mama wa Korogwe

JIBU: Amina, mama. Kwanza huyo kijana mwombeni radhi.

Kitenzi cha Zaburi 1:2 ni hagah. Kifuate katika Agano la Kale uone kinakokupeleka. Isaya 31:4 kuna simba aliyekwisha kukamata mawindo; wachungaji wanampigia kelele, naye ananguruma juu ya nyama yake. Hiyo ndiyo hagah. Si ule mngurumo wa kutikisa pori, maana huo una kitenzi chake, shaag, ndicho alichotumia Amosi aliposema "Simba amenguruma". Hagah ni ya chini chini. Mtupie paka wako kichwa cha samaki, kisha jifanye unataka kumnyang'anya. Ile sauti inayomtoka kooni huku meno hayajaacha kutafuna, ndiyo yenyewe.

Katika Isaya 38:14 mfalme Hezekia anasimulia ugonjwa wake: "niliomboleza kama hua". Kitenzi ni kile kile, na sidhani kama hua aliye juu ya mwembe anatafakari kitu. Zaburi 115 inazicheka sanamu kwamba hazitoi sauti kwa koo zao, hagah tena. Na Zaburi 90:9, "Tumetowesha miaka yetu kama kite", hapo ni nomino iliyozaliwa na kitenzi hicho. Kite nisikueleze mimi, kama uliwahi kufika leba.

Ndiyo maana Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati "kisiondoke kinywani mwako". Mstari huo nimeuhubiri mara nyingi bila kujiuliza kwa nini ni kinywani na si kichwani.

Sisi "tafakari" tumeipata kwa Kiarabu, ukoo mmoja na fikra na fikiri, kwa hiyo makao yake ni kichwani. Walioiweka katika Biblia yetu ya 1952 siwalaumu, tena kuna mahali wametufaa. Fungua Zaburi ya 2, mstari wa kwanza: "makabila wanatafakari ubatili". Ni hagah ile ile ya Zaburi ya 1, nao wakaiacha ifanane. Mmoja ananong'ona sheria mchana na usiku, na jirani yake hapo hapo makabila wananong'ona ubatili.

Mimi nimekulia Pangani, nyumba yetu ukuta kwa ukuta na chuo cha Kurani. Kila asubuhi watoto walivuma kama mzinga, kila mmoja na aya yake, wameketi mkekani wanayumba mbele na nyuma, na maalimu alijua kwa sikio nani amekosea. Miaka ikapita, nikaingia darasa la Kiebrania. Mwalimu wetu, mzee asiyejua kucheka, alitukataza kusoma kimya. "Kama sikusikii, husomi." Msamiati niliuandika kwenye kadi nilizozikata katika maboksi ya viatu, na siku ilipotoka kadi ya hagah nikawakumbuka watoto wa maalimu. Wayahudi nao Torati yao wanaisoma vivyo hivyo hadi leo, mwili unayumba na midomo inacheza.

Sasa mumeo nisimwonee, ana kipande chake cha haki. Mithali 15:28 moyo wa mwenye haki ndio unaofanya hagah kabla ya kujibu, na "mawazo ya moyo wangu" ya Zaburi 19:14 yametoka katika mzizi huo huo. Kwa hiyo yapo manung'uniko ambayo jirani hayasikii. Lakini kusema kwamba neno lenyewe linadai mdomo ufungwe, hapana, hilo hana.

Kijana naye asivuke mpaka. Isaka aliyetoka kondeni jioni "kutafakari", Mwanzo 24:63, huyo ana kitenzi kingine kabisa. Hata "kutafakari kwangu mchana kutwa" ya Zaburi 119:97 si hagah. Mnajua vijana, Jumapili ijayo utasikia Isaka ananguruma shambani.

Kwa hiyo jikoni endelea, mama. Soma mstari mmoja, urudierudie huku unakoroga uji, ushuke kooni kama yule paka na samaki wake. Usingizi utakupata wapi na mdomo una kazi? Ila Zaburi 63:6, hagah tena, ni ya kitandani, makesha ya usiku. Hiyo ifanye kwa sauti ya moyo. Mzee wa watu naye ana shamba asubuhi.